Sura ya Sita: Kazi Inayobaki Mwenyewe Akiondoka

Miongoni mwa mambo ambayo mwanafunzi wa Unix huyakuta mapema, na ambayo aghalabu humtia uchungu kabla hajaitambua sababu yake, ni hili: kazi aliyoianzisha katika kompyuta iliyo mbali, kazi yenye afya, isiyo na kosa wala upungufu, hukatika mara anapofunga dirisha lake au mara mtandao unapomponyoka, na anaporejea asubuhi akitaraji kuikuta hesabu imetimia hukuta nusu ya faili, wala hapana wa kumwambia yaliyojiri usiku. Huilaumu programu, kisha huilaumu seva, kisha huulaumu mtandao, ilhali hapana hata kimoja katika hivyo vitatu kilichotenda kinyume cha tabia yake. Mchakato wake uliuawa kwa mujibu wa sheria, na sheria hiyo ilitungwa na watu wenye akili, kwa madhumuni yaliyokuwa na haki kamili katika zama zao. Maneno ya sura hii ni juu ya sheria hiyo, asili yake, na hila njema ambazo mafundi wa vizazi mbalimbali wamezibuni ili kazi ipate idhini ya kuishi baada ya aliyeianzisha kwenda zake. Kwa maana mtu anayezikariri hila hizo bila ya kuijua sheria iliyozizaa hutumia moja leo ikamfaa, akaitumia kesho ikamhini, wala asijue kwa nini.

Unix ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell Labs, huko Murray Hill, jimbo la New Jersey nchini Marekani, kwa mikono ya Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao wachache. Siku hizo kompyuta haikuwa chombo cha mtu mmoja, bali mali ya jamaa nzima ya watu waliogawana muda wake, na kila aliyetaka kuzungumza nayo aliketi mbele ya mashine ya chapa iliyoitwa Teletype, ambayo mashuhuri katika namna zake ni ile Model 33, iliyochapa herufi 10 kwa sekunde juu ya utepe mpana wa karatasi kwa kishindo cha kusikika chumba cha pili. Mashine ikiwa katika jengo lile lile, waya uliifikisha kwenye kompyuta. Ikiwa mbali, mtumiaji alipiga simu kama mtu anayemwita ndugu yake, modemu ya upande huu ikalia na modemu ya upande ule ikaitika, na kwa muda wote ambao milio hiyo ilidumu kompyuta ilijua kwamba kuna mtu upande wa pili. Milio ikikoma, mtu amekata simu.

Sasa na tufikiri, kama walivyofikiri wao, ingekuwaje kama kompyuta isingejali kukatika huko. Mtu wa kwanza ameingia kwa jina lake na neno lake la siri, simu imekatika kwa ajali, na kikao chake kimebaki wazi; mtu wa pili anapiga simu, laini iliyo tupu ni ile ile, naye anajikuta ndani ya nyumba ya mwenziwe, mafaili yote ya mwenziwe yako chini ya amri yake, wala hakuulizwa hata jina. Hiyo ni hatari ya kwanza, nayo peke yake ingetosha. Hatari ya pili ilikuwa ya riziki: kompyuta ya PDP-11/20 ambayo Unix ilihamia katika mwanzo wa miaka ya 1970 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 24 tu, ambazo 16 zilichukuliwa na mfumo wenyewe na 8 zikabaki kwa programu za watumiaji. Katika ufukara wa namna hiyo, programu moja isiyo na mwenyewe, inayoendelea kula na kumngoja mtu ambaye hatarudi, ilikuwa dhuluma kwa kila aliyekuwa akingoja zamu yake.

Kwa hiyo ikawekwa kanuni: laini ikikatika, kiini cha mfumo kitapeleka ishara kwa michakato iliyofungamana na laini hiyo, na ishara hiyo, isipokuwa mchakato umejiandaa vingine, maana yake ni kufa. Ishara hiyo ndiyo inayoitwa SIGHUP, nayo ndiyo namba 1 katika orodha ya ishara za Unix hata leo, wakati ambapo modemu za simu zimekuwa vitu vya makumbusho na walio wengi wa wale ambao kazi zao huuawa na ishara hiyo hawajapata kuisikia milio ya modemu. Laini ya simu imekwenda, nafasi yake imeshikwa na mtandao, na badala ya Teletype sasa kuna teminali za bandia, ambazo si chombo cha chuma bali ni jozi ya milango ndani ya kiini cha mfumo, mmoja umeshikwa na programu ya upande wa mtumiaji, kama vile SSH, na wa pili umekabidhiwa sheli inayopokea amri zake. SSH yenyewe, iliyobuniwa na Tatu Ylönen nchini Finland mwaka 1995, hufanya kama ilivyofanya modemu: muunganisho ukifa, huufunga mlango wake, na kiini cha mfumo, kwa uaminifu wake wa zaidi ya nusu karne, huona kwamba simu imekatwa.

Hapa yapasa tuende polepole, kwa sababu hapa ndipo wengi hupotea. Waulize mafundi wawili kama kazi iliyotumwa nyuma kwa alama ya & hufa mtu anapotoka, na yamkini mmoja atakuapia kwamba hufa na mwingine atakuapia kwamba haifi, nao wote wawili watakuwa wanasema kweli waliyoiona kwa macho yao. Sababu ni kwamba ishara ya kifo hutoka kwa mikono miwili. Mkono wa kwanza ni wa kiini cha mfumo, nao humpelekea ishara mkuu wa kikao, ambaye kwa kawaida ni sheli. Na mkuu huyo akifa, ishara huenda pia kwa kundi la michakato lililokuwa mbele, yaani lile lenye haki ya kuzungumza na teminali kwa wakati huo. Kazi zilizo nyuma hazimo katika hukumu hiyo. Mkono wa pili ni wa sheli yenyewe, ambayo huziweka kazi zake zote katika daftari na, kwa desturi yake, yaweza kuzipelekea ishara ile ile moja moja kabla haijaondoka.

Na desturi za sheli hazilingani. Bash, ukiiaga kwa heshima kwa kuandika exit, huondoka kimya na kuziacha kazi za nyuma ziendelee, isipokuwa mtu ameiwashia chaguo la huponexit, ambalo kwa asili limezimwa. Lakini bash hiyo hiyo, ikipokea SIGHUP kwa sababu mtandao umekatika au dirisha limefungwa kwa nguvu, huipitisha ishara hiyo kwa kila kazi iliyo katika daftari lake kabla ya kufa. Zsh ni kali zaidi: hata ukiiaga kwa heshima hukuonya kwanza kwamba una kazi zinazoendelea, na ukishikilia kuondoka huzipelekea ishara. Csh ya kale, kwa upande wake, ilizikinga kazi za nyuma na ishara hiyo tangu mwanzo.

Anayetaka kuyaona haya kwa macho yake na aingie katika seva ya Linux yenye bash, aandike sleep 1000 &, kisha aandike exit, kisha aingie tena na kuitazama orodha ya michakato kwa ps -ef. Aghalabu ataikuta sleep yake ingali hai, na katika safu ya teminali, pale palipokuwa na jina kama pts/0, ataona alama ya kuuliza tu, maana yake mchakato huu hauna tena teminali inayojulikana. Na katika safu ya mzazi ataona namba 1, ambayo ni namba ya mchakato wa kwanza wa mfumo, mlezi wa yatima wote, au katika baadhi ya Linux za leo namba ya mlezi mdogo aliyewekwa kwa niaba yake. Kisha na airudie kazi ile ile, lakini safari hii aufunge dirisha kwa ghafla bila ya kuaga. Akirudi hataiona sleep hii ya pili. Kati ya majaribio hayo mawili hapana kilichobadilika ila namna ya kuondoka, na mtu aliyeyafanya mara moja kwa mkono wake hatababaishwa tena na shahada za mafundi wawili.

Dawa ya kwanza kubuniwa, na ambayo hadi leo imo katika kila Unix, ni programu ndogo iitwayo nohup, iliyotokea mapema katika miaka ya 1970. Kazi yake ni kuutia mchakato pamba masikioni. Hutangaza kwa kiini cha mfumo kwamba SIGHUP ipuuzwe, kisha hujigeuza kuwa ile programu uliyoitaja mbele yake. Na kwa kuwa katika Unix hali ya kupuuza ishara hurithiwa hata mchakato unapogeuka kuwa programu nyingine, mrithi huanza maisha yake akiwa tayari hasikii. Uzuri wa jambo hili ni kwamba programu inayoendeshwa haihitaji kujua lolote; ile iliyoandikwa miaka 30 iliyopita na mtu asiyewaza habari za kutoka wala kuingia itakingwa sawasawa na iliyoandikwa jana. Udhaifu wake nao umo humo humo: programu ambayo imejiwekea yenyewe namna yake ya kuipokea SIGHUP huzing'oa pamba hizo, na nohup haina tena la kufanya.

Walakini kutosikia ishara ni nusu tu ya wokovu. Mchakato una mdomo pia, nao umezoea kusema na teminali. Teminali ikiondoka, kila neno unalojaribu kuliandika hurudishwa na kosa, na programu nyingi zikipata kosa la namna hiyo hujifia zenyewe, ingawa hakuna aliyezipelekea ishara yoyote. Wengi wanaolalamika kwamba nohup imewahini, au kwamba kazi iliyopona jioni ilikufa usiku wa manane, kazi zao zimeuawa kwa njia hii. Ndiyo maana nohup, ikiona kwamba matokeo yanakwenda kwenye teminali, huyaelekeza kwenye faili liitwalo nohup.out katika saraka uliyomo, na kama hairuhusiwi kuandika hapo huliweka katika saraka ya nyumbani kwako. Mimi nashauri mtu asiiachie kazi hiyo, bali aseme kwa ulimi wake wapi kila kitu kiende, kama hivi:

nohup ./hesabu.sh > matokeo.log 2>&1 < /dev/null &

Amri hii huwatisha wanaoanza, na haistahili kutisha. Alama ya kwanza ya > huyapeleka matokeo ya kawaida kwenye faili la matokeo.log; 2>&1 huyafuatisha makosa huko huko, kusudi yasipotee, maana siku kazi itakapokwama ni makosa hayo yatakayokuwa shahidi wa pekee; < /dev/null hulifunga sikio la kusubiri maandishi kutoka kibodi, kwa kuupa mchakato faili lililo tupu daima; na & ya mwisho huituma kazi nyuma, ikakurudishia sheli pamoja na namba ya mchakato, ambayo mwenye busara huiandika mahali. Kuyaelekeza yote matatu namna hii kuna faida nyingine: mtu anapoituma amri kwa SSH bila ya kufungua teminali, SSH hungoja hadi mifereji yote ya kusomea na kuandikia ifungwe, na kazi ya nyuma iliyoishika mifereji hiyo humfanya mtumaji aketi mbele ya dirisha lililoganda akidhani seva imekufa, ilhali seva inaingojea kazi hiyo.

Lakini nohup hutaka mtu awe amekumbuka kabla, na binadamu aghalabu hukumbuka baadaye. Ameanzisha kazi akidhani itachukua dakika tano, saa mbili zimepita, na ni wakati wa kufunga ofisi. Kwa mtu huyu faraja ilitoka mahali ambapo wengi hawangepatazamia: katika kasri la Laxenburg, karibu na Vienna nchini Austria, makao ya taasisi ya IIASA, iliyoundwa mwaka 1972 ili wataalamu wa Mashariki na Magharibi wafanye utafiti pamoja wakati mataifa yao yakitazamana kwa uadui. Huko Jim Kulp alitunga utaratibu wa kuisimamisha kazi iliyo mbele, kuirudisha nyuma na kuileta mbele tena kwa hiari ya mtumiaji. Utaratibu huo ukapokewa na chuo kikuu cha Berkeley, ukaingia katika csh ya Bill Joy, na ukaenea duniani pamoja na toleo la 4BSD la mwaka 1980. Kwa sababu ya kazi hiyo, mtu wetu aliyekumbuka baadaye hubonyeza Ctrl na Z, na kazi husimama ilipo. Huandika bg, nayo huendelea ikiwa nyuma. Kisha, katika bash au zsh, huandika disown, na sheli huifuta kazi hiyo katika daftari lake. Ishara ikija, sheli itawapelekea waliomo daftarini, na huyu hayumo. Lakini jambo la mdomo liko pale pale: disown haibadilishi mahali matokeo yanapokwenda, na kazi inayopenda kusema juu ya teminali iliyokwisha kufa bado imo hatarini.

Kuna aina ya michakato ambayo haihitaji hila hizi zote, kwa sababu imezaliwa bila ya teminali au imejitenga nayo kwa makusudi: watumishi wa kudumu wa mfumo, wale wanaopokea barua, wanaotoa kurasa za tovuti, wanaotunza saa. Desturi yao ya kale ilikuwa kuzaa mtoto, mzazi akafa, mtoto akaita setsid ili awe mkuu wa kikao kipya kisicho na teminali, kisha akazaa tena na kufa, kusudi mjukuu, ambaye si mkuu wa kikao chochote, asiweze hata kwa bahati mbaya kujipatia teminali nyingine. Na kwa kuwa mtumishi wa namna hii hana simu ya kukatwa, ishara ya SIGHUP kwake ilikuwa imepoteza kazi. Basi mafundi wakaipa kazi mpya, na leo msimamizi wa seva anapotaka mtumishi asome upya faili la mipangilio yake bila ya kuzimwa, humpelekea ishara hiyo hiyo. Naliona jambo hili kuwa miongoni mwa mazuri ya Unix: tangazo la mauti limekuwa, kwa asiyeweza kufa nalo, agizo la kusoma upya.

Mwaka 1987 Oliver Laumann na Carsten Bormann, wa chuo kikuu cha ufundi cha Berlin, walilitazama suala hili kutoka upande mwingine kabisa. Waliotangulia waliuliza jinsi ya kuukinga mchakato teminali inapokufa. Hawa waliuliza kwa nini teminali ife. Programu yao, iitwayo screen, huunda teminali ya bandia ndani ya seva yenyewe na kukaa nayo humo, ikawa kama msimamizi anayeishi katika nyumba ya tajiri aliye safarini: taa zinawaka, milango imefunguliwa kwa wakati wake, na waliomo ndani hawana habari kama mwenyewe yupo au hayupo. Mtumiaji huja akajiunganisha, akafanya kazi yake, kisha hubonyeza Ctrl na a, halafu d, akaondoka. Akirudi kesho, kutoka kompyuta nyingine na mji mwingine, huandika screen -r na kukuta kila kitu pale alipokiacha, hata maneno aliyoyaandika nusu. Simu ikikatwa, kinachopokea ishara ni dirisha la nje tu. Nicholas Marriott alianzisha mwaka 2007 programu nyingine ya namna hiyo, tmux, ambayo mwaka 2009 iliingizwa katika mfumo wa OpenBSD toleo la 4.6 na sasa ndiyo chaguo la wengi. Kwayo mtu hutoka kwa Ctrl na b kisha d, na hurudi kwa tmux attach.

Kwa watu wa Afrika Mashariki thamani ya jambo hili haihitaji kuelezwa sana. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini, karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na nchi za jirani. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anayefanya kazi katika seva iliyoko Ulaya, siku kama hiyo seva yake ni nzima, umeme upo, hesabu inakwenda. Kilichokatika ni uzi wa mbali chini ya bahari. Hesabu aliyoianzisha wazi, mbele ya sheli, itakufa kwa kanuni ya Teletype mara seva itakapotambua kwamba upande wa pili hapana mtu. Iliyo ndani ya tmux itaendelea hadi mwisho wake, nayo itamngoja arejee kwa njia yoyote, hata kwa simu ya mkononi. Na hata bila ya msiba mkubwa wa namna hiyo, anayefanya kazi mahali ambapo umeme hukatika au ishara ya simu hupanda na kushuka yampasa aifanye tmux kuwa amri yake ya kwanza baada ya kuingia, kabla hajajua kama kazi ya leo itakuwa ndefu au fupi.

Ingedhaniwa kwamba habari imekwisha hapa, na kwa karibu miaka 30 ilikuwa hivyo. Lakini mwezi wa Mei 2016 lilitoka toleo la 230 la systemd, programu ambayo katika Linux nyingi ndiyo ule mchakato namba 1, na ndani yake palikuwa na badiliko la neno moja: chaguo liitwalo KillUserProcesses, ambalo awali lilikuwa limezimwa, sasa liliwashwa kwa asili. Maana yake ilikuwa kwamba mtumiaji akitoka, michakato yote ya kikao chake iuawe, iwe imetiwa pamba, imefutwa daftarini au imo ndani ya tmux. Wala hila za kale hazikufaa kitu, kwa maana systemd haifuati nasaba ya wazazi na watoto, ambayo mchakato waweza kuikana, bali hutumia makundi ya udhibiti yaliyoingizwa katika kiini cha Linux toleo la 2.6.24 mwaka 2008, na mchakato ulioandikwa katika kundi hubaki ndani yake hata ukizaa mara mia na kuita setsid mara mia.

Zogo lililofuata lilikuwa kubwa, na pande zote mbili zilikuwa na hoja. Waliolifanya badiliko walisema kwamba vikao vya kompyuta za mezani huacha nyuma yake mabaki ya programu zilizoharibika, zinazokula betri na kushika mafaili, na kwamba mfumo ulio salama sharti ujue nani amebaki ndani na kwa ruhusa ya nani. Waliolipinga walisema kwamba nohup na screen zilikuwa ahadi, na kwamba mtu aliyeziandika amri hizo amekwisha kuieleza nia yake kwa uwazi usiohitaji tafsiri. Mimi, nikipima hoja hizo, naona kwamba kwa kanuni wale wa kwanza walikuwa karibu na haki: kubaki hai baada ya mwenyewe kuondoka ni fadhila inayostahili kuombwa, na msimamizi wa seva inayotumiwa na watu mia ana haki ya kujua ni nani aliyepewa. Lakini kwa namna walivyotenda walikosea, kwa sababu walizichukua amri ambazo watu walikuwa wameziamini kwa miongo, wakazigeuzia maana bila ya kuwauliza, na anayeamka asubuhi na kukuta kazi yake ya siku tatu imefutwa hafarijiki kwa kuambiwa kwamba kanuni ni njema. Debian na baadhi ya wasambazaji wengine wa Linux walilizima chaguo hilo katika mifumo yao, na hivyo ndivyo watumiaji wengi walivyonusurika bila ya kujua kwamba walikuwa hatarini.

Kilichobaki baada ya zogo hilo ni njia ya kuomba fadhila hiyo waziwazi. Amri ya loginctl enable-linger, ikifuatiwa na jina la mtumiaji, humwandika mtu huyo miongoni mwa wale ambao watumishi wao huruhusiwa kuishi hata asipokuwamo, na huwaanzisha tangu kompyuta inapowaka. Na systemd-run --user --scope, ikitangulizwa mbele ya tmux na mtu aliyekwisha kuandikwa hivyo, huiweka tmux hiyo katika kundi lake lenyewe nje ya kikao, mahali ambapo upanga wa kutoka haufiki. Anayefanya kazi katika seva asiyoisimamia mwenyewe na aangalie kwanza faili la /etc/systemd/logind.conf lasema nini, au amuulize msimamizi, kabla ya kuiaminia usiku kazi ya thamani.

Hata hivyo hapana katika hila hizi, kongwe wala changa, iliyobuniwa kwa ajili ya siku ambayo kompyuta yenyewe inazimika. Pamba za nohup huyeyuka na kumbukumbu, na tmux, pamoja na nyumba yake na msimamizi wake, huondoka bila ya kuacha alama. Kazi ambayo ni ya kudumu, kama programu inayowahudumia wateja mchana na usiku, haifai kuachwa ndani ya tmux na kuombewa dua; iandikiwe faili lake la huduma katika systemd, lenye Restart=on-failure ili ifufuliwe ikianguka, na iamriwe kuanza pamoja na mfumo. Ama ile ya mara moja lakini ndefu sharti iwe na tabia ya kuandika hali yake katika diski kila baada ya muda, ili ikianzishwa upya iendelee ilipofika badala ya kurudi mwanzo. Anayenakili mafaili makubwa kutoka seva hadi seva hupata tabia hiyo bure akitumia rsync yenye chaguo la --partial: kipande kilichokwisha kufika huhifadhiwa, na amri ile ile ikirudiwa asubuhi hukitumia, ikaleta kilichosalia.